Kitambi mbele, mikono myembamba: nipunguze mwili kwanza au nijenge misuli kwanza?

KijanaWaChuno

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya mwili na mazoezi.

Mwanaume, miaka 33, urefu sentimita 168, uzito kilo 71, kiuno sentimita 96. Kazi ni ya kukaa kuanzia asubuhi hadi saa kumi, hapa Mtwara mjini. Mikono na mapaja ni membamba, kifua kimelala, lakini kitambi kinatangulia.

Ushauri ninaopewa unapingana. Wengine wanasema niache kula usiku na nikimbie kila asubuhi mpaka tumbo liishe, ndipo nishike vyuma. Wengine wanasema nile sana ninenepe kwanza, misuli ije, halafu nikaushe. Naona nikifuata wa kwanza nitabaki mifupa, nikifuata wa pili nitakuwa ngoma.

Jimu ya kulipia kila mwezi kwa sasa siiwezi. Nyumbani tunakula ugali wa muhogo, mbaazi za nazi, samaki wa feri, na msimu huu korosho haziishi mezani. Nianzie wapi, nile kiasi gani, na nifanye mazoezi gani bila vyuma?

MezaYaKusini

Mkuu, kwa mwili kama huo hakuna cha kwanza na cha pili. Mtu ambaye misuli yake haijawahi kupewa mzigo anaweza kupunguza mafuta na kuongeza misuli kwa wakati mmoja, na nafasi hiyo ni kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo. Ukijinyima kula na kukimbia tu, mwili unachoma mafuta pamoja na misuli yenyewe, ndiyo maana wengi hupungua kilo 8 na kitambi bado kipo, kidogo tu lakini kipo. Ukila kupita kiasi ili unenepe, kwa kiuno cha 96 sehemu kubwa ya nyongeza itaenda pale pale tumboni.

Tuanze na hesabu. Chukua kilo 71, gawa kwa 1.68, gawa tena kwa 1.68: unapata 25.2. Kwa kipimo hicho cha uzito na urefu umezidi kidogo sana, daktari mwenye haraka atakuambia uko sawa. Kiuno ndicho kinachosema kweli. Kiuno kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu, yaani kwako chini ya 84. Una sentimita 12 za kupunguza, wakati kilo za kupunguza hazizidi 4 au 5 kama misuli itaongezeka. Kwa hiyo futi ya fundi cherehani ndiyo itakayokuongoza kuliko mzani.

Chakula. Mwili wako ukiwa umetulia unatumia takriban kalori 1,600 kwa siku (kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, jumlisha 5). Kwa kazi ya kukaa zidisha kwa 1.4, inakuwa kama 2,240. Punguza 300 tu, ule karibu 1,950. Usikate 800 au 1,000 eti uharakishe. Upungufu mkubwa unakunyang'anya nguvu ya kunyanyua, na bila kunyanyua hakuna sababu ya mwili kutunza misuli.

Protini ndiyo nguzo. Gramu 1.6 hadi 1.8 kwa kila kilo ya uzito, kwako ni gramu 114 hadi 128 kwa siku. Na hapa ndipo meza ya kusini inapotuangusha bila sisi kujua: gramu 100 za unga wa muhogo zina kalori kama 350 lakini protini haifiki gramu 2. Unga wa mahindi una kama gramu 8. Sahani ya ugali wa muhogo iliyotoka kwenye robo kilo ya unga ina kalori zaidi ya 850, na ukiila na mchuzi na kipande cha samaki cha vidole viwili, umeshiba lakini misuli haijapata kitu. Sikwambii uache muhogo. Punguza ugali uwe wa gramu 100 za unga mkavu, na samaki aongezeke. Pima unga kabla haujaingia sufuriani, maana ugali ukishaiva uzito wake mwingi ni wa maji na huwezi kujua kilichomo.

Sasa nazi. Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi ukamimina kikombe cha maji ya moto, ukakamua mpaka mkono uwe mweupe, hilo ndilo tui zito na mafuta mengi yako humo. Kikombe kimoja chake, mililita 240, kina kalori 500 na ushee. Ukimimina maji mara ya pili kwenye machicha yale yale linatoka tui jepesi, lina harufu na ladha, mafuta ni machache. Mbaazi zichemshwe na tui jepesi, na tui zito liingie mwishoni vijiko viwili vya chakula vya kumalizia. Ladha ya mbaazi za nazi iko kwenye kumalizia huko, kwa hiyo hupotezi kitu.

Korosho nazo: moja nzima ya kawaida ina gramu 1.4 hivi. Korosho 20 ni gramu 28, kalori kama 160, protini gramu 5. Ni chakula kizuri, lakini ukila huku unaongea na bakuli liko mbele, gramu 100 zinaisha kabla chai haijapoa, na hizo ni kalori zaidi ya 550. Hesabu 20, weka kwenye kisahani, bakuli lirudi kabatini.

Mfano wa siku moja:

Asubuhi: mayai 3 ya kuchemsha, muhogo wa kuchemsha gramu 200 (vipande viwili vya urefu wa kiganja), chai bila sukari.

Mchana: samaki chukuchuku, nyama yake gramu 200 bila miba, ugali wa gramu 100 za unga wa mahindi, mchicha au matembele sahani nzima.

Saa kumi: korosho 20 na kipande cha papai.

Usiku: mbaazi zilizoiva gramu 200, dagaa wakavu gramu 30 waliooshwa wakapikwa na nyanya na kijiko kimoja cha mafuta, wali kikombe kidogo.

Hapo una kalori kama 1,980 na protini gramu 118 hivi. Samaki akikaangwa kwenye mafuta mengi hesabu inavunjika, kwa sababu kila kijiko cha chakula cha mafuta kinachoingia mwilini ni kalori 120. Chukuchuku kwa ndimu, chumvi na pilipili, au wa kuchoma, ndiyo njia. Pweza ni bora kuliko wote: gramu 100 za pweza aliyeiva zina protini karibu gramu 30 na mafuta kidogo sana. Ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) ule kwa nadra, chumvi yake inavuta maji mwilini na asubuhi utaona mzani umepanda bure.

Vinywaji visisahaulike. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37. Bia ya nusu lita ni kalori zaidi ya 200, na uraka nao una pombe na sukari ya mabibo, hivyo usiuhesabu kama juisi.

KochaWaPwani

Kaka KijanaWaChuno, MezaYaKusini kamaliza upande wa sahani. Mimi nachukua upande wa mzigo.

Misuli haijui kama unachobeba ni chuma au dumu. Inajua uzito, na inajua umefika karibu na kuchoka. Tafuta madumu mawili ya lita 5 yenye mshikio, yale ya mafuta ya kula. Maji lita 5 ni kilo 5. Ukijaza mchanga mkavu ni karibu kilo 8. Uzuri wa dumu ni kwamba unaongeza nusu lita ya maji na umeongeza nusu kilo kamili. Hatua ndogo kama hiyo hata jimu nyingi hazina. Ila ukitumia maji peke yake na dumu likiwa nusu, maji yanacheza na kukuvuta mkono pembeni. Afadhali nusu mchanga na juu ujaze maji, ufunge kifuniko kwa kipande cha nailoni ndani yake lisivuje.

Kwa miguu utahitaji zaidi ya hapo. Chukua mfuko wa unga wa kilo 25 uliokwisha, weka mchanga ndani ya mifuko miwili ya nailoni ya kilo 8 kila mmoja, funga, tumbukiza, kisha funga mdomo wa gunia kwa kamba. Acha nafasi, usijaze likawa gumu kama jiwe, maana utakosa pa kushika. Hiyo ni kilo 16 ya kukumbatia kifuani.

Siku 3 kwa wiki, zisifuatane: Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Kila siku mwili mzima, dakika 45 zinatosha.

Kuchuchumaa ukiwa umekumbatia gunia, seti 3 (yaani mizunguko mitatu, unapumzika kati yake). Visigino vibaki chini, magoti yafuate uelekeo wa vidole, ushuke mpaka paja liwe sawa na ardhi au chini zaidi. Magoti yakiingia ndani, mzigo ni mkubwa au unapanda kwa haraka.

Pushapu, seti 3. Wengi hapa wanadanganyana: mtu anasema amepiga 50, kumbe kiwiko hakijakunja hata nusu. Kifua kishuke mpaka kibakize upana wa ngumi kutoka sakafuni, mwili uwe mstari mmoja kutoka kisogoni hadi kisigino, kiwiko kiwe nyuzi 45 kutoka ubavuni, sio kimefunguka kama mbawa za kuku. Ukishindwa 8 za namna hiyo, weka mikono juu ya kitanda au baraza, ushuke ngazi kwa ngazi kadiri unavyopata nguvu. Usifanye za magoti kwa muda mrefu, hazikufundishi kukaza kiuno.

Kuvuta dumu, seti 3 kila mkono. Mkono mmoja uegemee kiti, mgongo uwe bapa, dumu livutwe kuelekea mfuko wa suruali na si kuelekea bega. Ukilivuta kuelekea bega unafanya zaidi kazi ya shingo, mgongo unapata kidogo. Zoezi hili ndilo linalorudisha mabega nyuma, na kwa mtu anayeinamia kompyuta siku nzima linabadilisha hata jinsi tumbo linavyoonekana akiwa amesimama.

Kuinama kwa nyonga ukiwa na madumu yote mawili, seti 3. Goti likunje kidogo tu, makalio yaende nyuma kama unafunga mlango wa gari kwa makalio, madumu yateleze karibu na mapaja mpaka chini kidogo ya goti, mgongo usipinde. Ukisikia kiunoni badala ya nyuma ya paja, umepinda mgongo.

Kusukuma madumu juu ya kichwa, seti 2. Na mwisho beba ndoo mbili za lita 10 zilizojaa, kila mkono moja, tembea hatua 40 wima bila kumwaga maji. Rudia mara 3. Hilo ni zoezi la tumbo, mgongo na viganja kwa pamoja.

Kila seti ifike marudio 8 hadi 15, na uishie pale ambapo ungeweza kufanya mawili zaidi na si zaidi ya hapo. Ukimaliza seti bado ungeweza kufanya 10 nyingine, hiyo ilikuwa matembezi. Pumzika dakika 2 kati ya seti. Shuka kwa sekunde 3, panda kwa nguvu. Seti zote tatu zikifika 15, ongeza kilo 1 au 2 na urudi 8. Andika kwenye daftari: tarehe, uzito, marudio. Kinachojenga ni kuongeza kidogo kidogo. Mtu asiyeandika hubaki na dumu lile lile mwaka mzima na mwili ule ule.

Kukimbia kila asubuhi achana nako kwa sasa. Tembea kwa kasi dakika 30 hadi 40 siku ambazo hunyanyui, hatua 100 au zaidi kwa dakika, Shangani kandokando ya bahari ukipenda tambarare. Ukitaka mlima, siku moja panda Mikindani mpaka Boma na kushuka mara kadhaa. Mazoezi ya kukunja tumbo hayachomi mafuta ya tumbo. Mafuta yanatoka mwili mzima kwa mpangilio wa mwili wenyewe, na kwa wanaume tumbo la chini mara nyingi ndilo linaloaga mwisho.

Joto letu na unyevu wa pwani vinachosha kabla ya misuli kuchoka. Fanya kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni, na kunywa maji kabla hujaanza.

KijanaWaChuno

Ahsanteni sana wakuu, hapa nimepata mwanga. Swali: kiuno nipime wapi hasa? Nikishusha futi kidogo napata 93, nikipandisha napata 97. Na mzani nipime kila siku au mara moja kwa wiki?

MezaYaKusini

Gusa mbavu ya mwisho ubavuni, kisha gusa mfupa wa nyonga unapoanza. Katikati ya hizo mbili ndipo futi ipite, kwa wengi ni juu kidogo ya kitovu. Simama wima, pumua kawaida, toa pumzi, soma hapo hapo bila kuvuta tumbo ndani. Futi iguse ngozi bila kuibana, na iwe sawa kuzunguka, nyuma isishuke. Pima mara 2, zikitofautiana zaidi ya sentimita 1 pima ya tatu. Wiki mara moja inatosha, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula. Pima pia mkono katikati kati ya bega na kiwiko, na paja.

Mzani: kila asubuhi baada ya haja, kabla ya chai, nguo ile ile. Lakini usiangalie namba ya siku moja. Jumlisha siku 7, gawa kwa 7, linganisha wastani wa wiki na wa wiki iliyopita. Uzito unaweza kucheza kilo 1 hadi 2 kwa siku kwa sababu ya chumvi, choo na wanga. Kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye misuli inakaa na gramu kama 3 za maji. Ndiyo maana ukila pilau la harusi Jumamosi, Jumapili umepanda kilo moja na nusu, na mafuta hayajaongezeka hata robo yake.

Wiki mbili au tatu za kwanza za mazoezi mzani unaweza kusimama au kupanda, misuli iliyoguswa upya inashika maji. Wengi huacha hapo hapo. Wewe fuata kiuno: kikishuka nusu sentimita hadi moja kwa wiki mbili huku marudio kwenye daftari yanapanda, kila kitu kinaenda. Wiki 4 zikipita kiuno hakijasogea, punguza kalori 150 hadi 200, yaani karibu nusu ya ugali wa mchana, na usiguse samaki. Uzito ukishuka zaidi ya nusu kilo kwa wiki na nguvu inapungua, rudisha chakula.

Ile mizani ya umeme inayokuambia asilimia ya mafuta ukisimama juu yake isikuumize kichwa. Inapitisha umeme mdogo na kukisia kutokana na maji ya mwili; ukiwa umetoka jasho itasema umenenepa.

Binti_wa_Lindi

Samahani naingilia mada. Mimi niko Lindi mjini, miaka 29, sentimita 158, kilo 86, kiuno 104, nina mtoto wa miezi 5 ananyonya. Haya mambo ya madumu kwa mwanamke si yatanifanya niwe na mwili wa kiume? Nafungwa mkaja kila siku na nakunywa maji ya moto ya ndimu asubuhi. Kuna mtu kaniuzia pia chai ya kupunguza tumbo, bado sijaianza.

KochaWaPwani

Dada, karibu, hujaingilia kitu. Mwili wa kiume unahitaji homoni ya kiume, na mwanamke anayo kidogo sana ukilinganisha na mwanaume. Wanaume wenye homoni hiyo wanahangaika miaka kupata misuli. Dumu la kilo 5 haliwezi kukuletea wewe kwa bahati mbaya. Kitakachotokea ni mapaja na makalio kukaza, mgongo kunyooka na kiuno kujitokeza.

Kabla hujaanza, jipime tumbo. Lala chali, kunja magoti, weka vidole wima juu ya kitovu, halafu inua kichwa tu. Ukisikia bonde linaloingiza vidole zaidi ya viwili, misuli ya tumbo iliyoachana wakati wa ujauzito haijarudi. Hapo usifanye kukunja tumbo wala ubao (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) wa muda mrefu, vinaweza kulisukuma tumbo nje. Anza hivi: umelala hivyo hivyo, vuta pumzi mbavu zipanuke, toa pumzi polepole huku unavuta kitovu ndani na kukaza chini kama unazuia mkojo, shikilia sekunde 5, mara 10, asubuhi na jioni. Ongeza kuinua nyonga kutoka sakafuni, kuchuchumaa bila mzigo na kuvuta dumu. Tumbo likitokeza katikati kama mgongo wa samaki wakati wa zoezi lolote, zoezi hilo bado. Ukivuja mkojo unapokohoa, au ulijifungua kwa upasuaji na kidonda bado kinavuta, zungumza na mkunga au daktari kwanza.

Mkaja unashikilia mgongo na unakupa nafuu, lakini hauyeyushi mafuta. Ukibanwa sana unasukuma uzito chini kwenye nyonga, mahali ambapo baada ya uzazi pamelegea. Uwe wa kushika, si wa kukata pumzi.

MezaYaKusini

Dada wa Lindi, hiyo chai usiianze, hasa ukiwa unanyonyesha. Nyingi za aina hiyo zina majani ya kuharisha. Unachopoteza ni maji na choo, mzani unashuka siku mbili, mafuta yapo. Ukiendelea nayo, chumvi za mwili zinaweza kuvurugika. Maji ya ndimu hayana madhara makubwa zaidi ya kumomonyoa meno, ila hayachomi kitu.

Kunyonyesha kunatumia kalori kama 500 kwa siku, kwa hiyo mwili wako tayari uko kazini. Usikate chakula kwa nguvu, maziwa yanaweza kupungua. Lenga kushuka nusu kilo kwa wiki, isizidi. Protini gramu 105 hivi. Nimepiga hesabu kwa kilo 65 na si 86, kwa sababu mafuta hayahitaji kulishwa protini. Uji wa mzazi ndio unaokubeba bila kujua: ukiwekwa karanga, sukari vijiko 4 na siagi, bakuli moja linapita chakula cha mchana. Uji ubaki na unga na karanga, sukari kijiko 1, siagi iondoke, na kunywa bakuli moja badala ya matatu. Supu ya samaki au dagaa ichukue nafasi ya mengine.

Kwa kiuno cha 104, pita kituo cha afya upime shinikizo la damu na sukari kabla ya kula. Kwa mwanamke kiuno kikipita 88 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inapanda sana. Shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi, au sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi asubuhi bila kula, ni mambo ya daktari, si ya kubadilisha sahani peke yake. Mkuu KijanaWaChuno naye apime, 94 kwa mwanaume tayari ni mstari.

Mzee_wa_Masasi

Mbona hamjataja kuvaa jaketi la nailoni na kukimbia? Vijana wanapungua kilo 2 kwa asubuhi moja. Na kuna vidonge vya kunenepa makalio na mikono madukani, si vinasaidia kijana mwembamba?

KochaWaPwani

Shikamoo mzee. Kilo 2 hizo ni jasho, zinarudi na chupa ya kwanza ya maji. Kwenye joto letu jaketi la nailoni linazuia jasho lisikauke, mwili unashindwa kupoa na mtu anaweza kuanguka kabla hajafika nyumbani.

Vidonge vinavyouzwa kienyeji vya kunenepesha, vingi ni deksamethasoni au siproheptadini. Ya pili inaamsha hamu ya kula na usingizi, basi. Ya kwanza ni dawa ya hospitali kwa magonjwa maalumu. Ikinywewa wiki nyingi inajaza uso na tumbo maji na mafuta, inapandisha sukari, na inakula misuli ya mikono na mapaja, yaani inamtengenezea kijana mwili ule ule anaoukimbia. Na aliyekwisha kuitumia muda mrefu asiikate ghafla. Aende kwa daktari apunguziwe polepole, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe.

Kama kuna hela ya kitu cha duka, kireatini (unga wa wanamazoezi wa kusaidia misuli) gramu 3 hadi 5 kwa siku ndiyo pekee ningeitaja kwa mwanaume mzima mwenye figo nzuri. Ikikosekana hakuna kilichoharibika. Hela hiyo inunue samaki.

KijanaWaChuno

Marahaba sana... samahani, ahsanteni sana nilitaka kusema. La mwisho: Ramadhani ikija nifanyeje? Na kuna jambo jingine, naona aibu kuvua shati ufukweni, najiangalia kwenye kioo mara nyingi kwa siku na ninatoka nimevunjika moyo.

MezaYaKusini

Ramadhani usilenge kupunguza haraka, lenga kutunza. Futari yetu ni wanga juu ya wanga: muhogo wa nazi, magimbi, tambi za sukari, uji. Fungua kwa tende 2 au 3 na maji, kisha samaki au mayai kwanza, halafu muhogo wa nazi sahani ndogo. Baada ya tarawehe kula protini tena, na daku isiachwe: mayai 3, mbaazi au kunde, maji nusu lita. Mazoezi siku 2 hadi 3 kwa wiki, dakika 90 hivi baada ya futari nyepesi, seti 2 badala ya 3, uzito ule ule. Ukibaki na uzito ule ule kwenye daftari mpaka Idi, misuli haijaenda popote.

Kuhusu kioo: mwili haubadiliki kati ya saa nne na saa saba mchana. Kinachobadilika ni chakula kilichomo tumboni, mwanga na jinsi ulivyosimama. Piga picha 3 (mbele, ubavu, nyuma) mara moja kila wiki 4, asubuhi, dirisha lile lile, kaptula ile ile, na usizifungue mpaka upate za mwezi unaofuata. Kati ya hapo kioo kiwe cha kunyolea ndevu. Ufukweni nenda na shati lako, hakuna aliyekuwekea sharti, ila nenda. Ukijikuta unaruka milo kwa sababu ya aibu, au unajitapisha, au fikra za mwili zinakunyima usingizi na kazi, hilo mweleze daktari au mshauri kama unavyoeleza homa.

KochaWaPwani

Anza Jumamosi hii, kaka. Ijumaa jioni jaza gunia, pima kiuno Jumamosi asubuhi kabla ya chai, kisha seti 2 tu za kila zoezi kwa wiki ya kwanza. Mapaja yatauma siku mbili tatu, hasa kushuka ngazi. Tembea, usilale. Ila goti au bega likichoma kwa ndani kama sindano, zoezi hilo lisimame, utuandikie hapa ulikuwa unafanyaje.